Kiwiko cha Fundi Anyosisye

Kapasita ilipopasuka, Tusajigwe aligeuka.

Mwalimu Bupe aliona kila kitu kutoka upande wa pili wa karakana, akiwa amebeba mikononi stata mpya, gamba la chuma la mota linalosukiwa waya. Mota ya pampu iliyokuwa ikijaribiwa ilitoa mlio kama bati lililopigwa jiwe, ikaruka juu ya kitako chake, na mkanda ukachomoka. Lugano, aliyekuwa ameinama kusikiliza beringi, alinaswa mkono wa koti na mkanda ule, akavutwa. Swichi ya dharura, nyekundu na kubwa kama kiazi, ilikuwa mbele ya Tusajigwe, jirani kabisa na mkono wake wa kushoto. Kazi yake asubuhi ile ilikuwa moja tu: kusimama pale na kuipiga swichi likitokea lolote.

Hakuipiga. Mkono wake wa kushoto ulijikunja ukabana kifua, mabega yakainama, akaipa mota mgongo. Alibaki hivyo, amejikunja, kama mtu aliyekutwa njiani na mvua ya mawe.

"Tusa! Zima! Tusa, zima!" Lugano alipiga kelele.

Bupe aliangusha stata, akakimbia kati ya meza, akaipiga swichi mwenyewe. Mota ilipoishiwa nguvu na kusimama, vidole viwili vya Lugano vilikuwa vimekwenda, na wanagenzi wenzake walikuwa wamesimama wima, kila mmoja akimtazama msichana aliyekuwa bado amegeukia ukuta.

Hadi wanapanga foleni ya chakula cha mchana, alikuwa ameshapewa jina. Walimwita Mama Mgongo.

*

Siku iliyofuata Bupe alimkuta katika stoo ya waya, ameketi juu ya roli kubwa la waya wa shaba, sahani ya wali na maharage haijaguswa miguuni pake. Nje mvua ya Rungwe ilikuwa ikinyesha, ile isiyo na haraka, inayonyesha kama inayolipwa kwa mwezi.

"Shikamoo, Mwalimu."

"Marahaba. Mbona hujala?"

"Sina hamu." Tusajigwe alijifuta pua kwa kiganja. "Mwalimu, ni kweli watanifuta kwenye Mpango?"

Bupe hakuweza kumdanganya. Kanuni za Mpango wa Mikono zilikuwa kali kwa makosa machache, na la kwanza kati yake lilikuwa kumwacha mwenzako kwenye mashine. Mwanagenzi aliyepatikana na kosa hilo hakupewa karipio. Alifutwa, na hakuna karakana iliyosajiliwa nchini ambayo ingemruhusu kushika hata bisibisi.

"Mhandisi wa Mpango anakuja kutoka Dodoma," alisema. "Atasikiliza kwanza."

"Atasikiliza nini? Wote waliniona." Sauti ya msichana ilikatika. "Lakini mimi sikuogopa, Mwalimu. Haki ya Mungu. Swichi niliiona. Nilishauambia mkono upige."

"Mkono haukusikia?"

"Ulisikia kitu kingine." Tusajigwe aliinua mkono wa kushoto, akaukunja taratibu, kiwiko kikakaa ubavuni mahali pake pa kila siku, kiganja kikageuka juu. "Ulibana hivi. Yaani sijui nisemeje. Kama kuna kitu changu humu, na kikiguswa na ule moto kitakufa. Nikageuka. Sikumfikiria Lugano hata kidogo. Hilo ndilo linaloniumiza."

Bupe alikuwa akikitazama kile kiganja. Alikifahamu. Alikuwa na kingine kama hicho kwenye mkono wake mwenyewe.

"Kula," alisema, akatoka haraka kabla uso wake haujamsaliti.

Alisimama chini ya paa la veranda, akasikiliza karakana. Ndani wanagenzi walikuwa wakisuka mota. Tangu nchi ipitishe Sheria ya Kukarabati Kwanza, hakuna aliyeruhusiwa kuagiza mota mpya mpaka fundi athibitishe kwamba ya zamani haisukiki tena, na mota zilikuwa kila mahali, kwenye visima, viwanda vya chai, mashine za kusaga, mahospitali. Mafundi waliojua kuzisuka kwa mkono walikuwa wamezeeka, na wengi hawakuwa wameacha mwanafunzi. Ndipo serikali ikaja na Mpango. Fundi stadi alivalishwa kifundishi, soksi nyembamba ya nyuzi zinazohisi, kuanzia begani hadi kwenye kucha, akafanya nayo kazi mwaka mzima. Kifundishi hakikuwa na macho wala masikio. Sheria ilikataza kamera ndani ya karakana ya mtu, ili siri zake na za wateja wake zibaki kwake. Kilishika misuli tu, pamoja na namna inavyoshtuka. Jambo lililotokea mara moja kilichuja, na lililojirudia kilihifadhi.

Baadaye mwanagenzi naye alivaa soksi yake, kama walivyoiita wenyewe, na nyuzi zikamvuta misuli polepole kwa njia ileile aliyopita fundi. Siku moja soksi ilivuliwa, na mkono ukaendelea peke yake. Kazi iliyokuwa ikichukua ujana wa mtu ilijifunzwa kabla nguo za chuo hazijachakaa.

Soksi zote za kusuka mota, kutoka Kigoma mpaka Mtwara, zilitokana na mikono ya fundi mmoja wa Tukuyu, Anyosisye Mwaisumo, baba yake Bupe.

Wataalamu wa makao makuu, walipoona kiwiko cha kushoto cha fundi huyo hakiachani na ubavu, walikaa wakajadiliana. Wakaamua kwamba hiyo ni mbinu. Walisema fundi alikuwa akitumia mbavu zake kutuliza mkono, ili waya usivutike kupita kiasi. Wakaandika sura nzima juu ya jambo hilo na kuliita Mkao wa Anyosisye. Katika mtihani msimamizi alipita nyuma ya meza akikagua viwiko, na aliyeachia chake kining'inie alipunguziwa alama.

Bupe alijua ukweli tangu siku aliyovaa soksi kwa mara ya kwanza, akiwa mwanagenzi. Baba yake alikufa Bupe akiwa bado hajaanza shule, naye hakukumbuka hata mara moja kubebwa naye. Siku ile kiwiko chake kiliingia ubavuni, kiganja kikafunguka chini ya uzito usiokuwepo, na alipopumzika kidogo, vidole vikaanza kupapasa hewa, taratibu, taratibu, kama vinavyopapasa mgongo wa mtoto ili alale. Alilia mpaka msimamizi akafikiri soksi inambana.

Hakumwambia mtu. Angesema nini? Na kwa nini aseme? Kila mwaka, siku ya mahafali, alitazama safu za vijana waliobana viwiko vyao, akajiona amebebwa na kila mmoja wao. Safari moja, stendi ya Singida, alimwona fundi asiyemjua akifungua mota ya mashine ya kusaga kando ya barabara, kiwiko ubavuni. Alisimama kumtazama mpaka basi likakaribia kumwacha.

Kuhusu mgongo, hakuwahi kujua.

*

Shangazi yake Sekela alikuwa jikoni akimenya ndizi za mbalaga, kisu kikienda kama kinajiendesha.

"Shikamoo, Shangazi."

"Marahaba, mwanangu. Kaa. Chukua kisu. Mwalimu wa mota, tuone kama mikono hiyo inaweza na ndizi."

Bupe alikaa kwenye kigoda, akachukua ndizi, lakini hakuimenya. "Shangazi, baba aliunguaje mgongoni?"

Kisu kilipungua mwendo. "Lile kovu? Si ulikuwa ukilichezea ukiwa mdogo?"

"Aliniambia aliungua na pasi."

"Pasi!" Shangazi alicheka kwa puani. "Mwanaume gani anajipiga pasi mgongoni? Aliungua kwa ajili yako. Mama yako alipofariki, wewe hata siku arobaini hujatimiza. Nikamwambia, kaka, niletee mtoto. Akakataa. Nikamwambia, basi mpeleke kwa bibi yake Kyela. Akakataa. Na mwaka huohuo ndio wale watu wa serikali walikuja kumvalisha yale masoksi. Mkataba unasema fundi afanye kazi peke yake, asiwepo mtu mwingine karakanani. Naye ana mtoto mchanga."

"Akanificha."

"Akakuficha. Wakija kukagua mitambo yao, ananiletea mtoto mbio huku anavuja jasho. Wakiondoka, anakurudisha. Anakubeba mkono huu," Shangazi alijipiga ubavuni kwa mpini wa kisu, "na huu anasukia. Wanaume wenzake wakipita mlangoni wanamzomea. 'Fundi, umejifungua salama?' Naye anawajibu, 'Salama kabisa. Mbona hamjaleta uji?'"

Bupe alitabasamu, na macho yakamjaa papo hapo.

"Na moto?"

"Kapasita za siku zile zilikuwa takataka. Zilipasuka kila mara, kama bisi. Kila ikipasuka moja, kaka yangu anageuka, anakuweka kifuani, mgongo ndio unapokea. Siku moja ikapasuka kubwa, shati likashika moto. Nilimpaka asali. Nikamwambia, wewe mwanaume, si uruke nje? Akasema," na hapa Shangazi aliacha kumenya, "akasema hata hafikirii. Anajikuta ameshageuka."

Mvua ilipiga paa. Bupe aliitazama ndizi mkononi mwake.

"Kuna msichana chuoni," alisema mwishowe. "Juzi kapasita ilipasuka, naye akageuka kama baba. Kiwiko cha baba kimo kwenye soksi zote, Shangazi. Mwenzake amekatika vidole. Wanataka kumfukuza, wanasema ni mwoga."

Shangazi alimtazama. Hakuwa mtu wa kuelezwa jambo kwa kirefu.

"Ukisema, watakiondoa kile kiwiko?"

"Wataondoa vyote. Kiwiko na mgongo ni kitu kimoja."

"Na usiposema?"

"Atakwenda nyumbani na jina la Mama Mgongo mpaka azeeke. Na mahali fulani mwingine atageuka, Shangazi. Wako wengi sana. Wanasimama kwenye swichi kila siku."

Shangazi Sekela alivuta ndizi nyingine kutoka kwenye fungu. Aliimenya mpaka mwisho, na aliposema, hakumtazama mpwa wake.

"Mimi sina picha yake hata moja amekubeba. Aliogopa picha, kwa sababu ya mkataba."

*

Mhandisi Chediel, aliyetoka Dodoma, alikuwa mtu mwembamba mwenye sauti ya upole, na alikuwa ameshachoka kabla hajaanza. Alimsikiliza Bupe mpaka mwisho, katikati ya karakana tupu, akizungusha kikombe cha chai bila kunywa.

"Mwalimu, pole kwa yote," alisema. "Lakini unaniambia kwamba Mkao wa Anyosisye, ambao mimi mwenyewe nimeufanyia utafiti wa shahada, ni mtoto?"

"Ni mimi, Mhandisi."

"Nitahitaji zaidi ya maneno ya shangazi."

"Nilijua ungesema hivyo."

Bupe alikwenda mlangoni, akamwita Mama Ipyana, mpishi wa chuo, aliyekuwa akisubiri na mwanawe wa kike mgongoni. Nyuma yao aliingia Tusajigwe, macho chini, akiwa amevaa soksi.

"Mwalimu, mtoto wangu akilia tu, namchukua," Mama Ipyana alisema, akifungua kanga. "Huyu hampendi mtu. Hata baba yake anamkataa."

Chediel aliunganisha soksi na kioo cha kompyuta yake. Mistari ilitokea: mvutano wa waya, joto la misuli, mwendo wa vidole. Tusajigwe aliketi mbele ya stata, akaanza kusuka. Mkono wa kulia ulipitisha shaba katika njia zake. Mkono wa kushoto ulibana ubavu.

"Unaona huu mtetemo?" Chediel alionyesha mstari uliokuwa ukicheza kidogo, kidogo, bila kukoma. "Uko kwenye kila soksi ya mota nchini. Tumeutafuta miaka na miaka. Tumebadilisha nyuzi, tumebadilisha programu. Hauondoki."

"Tusa, endelea kusuka," Bupe alisema. "Usisimame."

Akamchukua mtoto kutoka kwa mama yake. Mtoto alikunja uso, akafungua mdomo kulia. Bupe akamlaza katika mkunjo wa mkono wa kushoto wa Tusajigwe.

Mkono ulimpokea. Haukubabaika wala haukujipanga upya, maana ulikuwa umeshapangwa. Kichwa cha mtoto kiliingia kwenye kiwiko kama yai kwenye kiota, kiganja kikamkamata mapajani, na vidole vikaanza kumpapasa. Kilio hakikutoka. Mtoto alitazama juu, akapumua kwa kishindo, akatulia. Mkono wa kulia haukukosa hata mzunguko mmoja.

Kwenye kioo, mtetemo ulikufa. Mstari ulinyooka kama uzi uliovutwa.

"Yesu wangu," Mama Ipyana alinong'ona. "Mtoto wangu kamkubali."

Chediel aliweka kikombe chini. Alitazama mstari, akamtazama mtoto, akatazama tena mstari. "Ulikuwa unatafuta uzito," alisema polepole. "Mkono ulikuwa unamtafuta, muda wote huu."

Bupe alisogea karibu. Alikuwa akiutazama mkono wa baba yake. Ulikuwa umevaa ngozi ya msichana wa miaka kumi na tisa, yenye kovu la kuungua kwa vanishi karibu na kifundo, lakini ulikuwa wake, na kwa mara ya kwanza ulikuwa na mtoto ndani yake. Basi hivi ndivyo ilivyokuwa. Alikuwa amelala hivi. Kulikuwa na joto hapa, na mlio huu wa shaba ikipita kwenye karatasi za stata.

Mama Ipyana alipomchukua mwanawe na kutoka na Tusajigwe, Chediel alifunga mlango, akasimama ameupa mgongo.

"Mwalimu, tuzungumze kama watu wazima. Msichana hana kosa. Hilo nalikubali leo hii. Naweza kuandika kwamba soksi yake ilikuwa na hitilafu. Soksi moja. Anabaki chuoni, jina lake linasafishwa, Lugano anapata fidia ya ajali. Na kiwiko kinabaki kama kilivyo."

Bupe alimtazama. "Kwa nini uandike hivyo?"

"Kwa sababu nikiandika lingine, itabidi niwaeleze wakubwa kwamba tumewatahini watoto wa nchi hii kwa kumbeba mtoto asiyekuwepo. Na kwa sababu," sauti yake ilishuka, "nimeuona uso wako sasa hivi. Mimi nina binti. Sitaki kuwa mtu aliyefuta kitu kama kile."

"Na walioko kwenye swichi huko nje?"

"Kapasita za siku hizi hazipasuki ovyo."

"Ya juzi ilipasuka."

Chediel aligeuza macho kwenye mistari ya kioo.

Bupe aliketi mahali alipokuwa ameketi Tusajigwe. Angeweza kusema ndiyo. Lilikuwa neno dogo, na lilikuwa limefungwa vizuri kama zawadi. Hakuna mtu aliyemfahamu ambaye angeumia. Wale ambao wangeumia hakuwajua majina. Mmoja wao labda alikuwa pale stendi ya Singida. Mmoja alikuwa amesimama mahali fulani wakati huuhuu, mwenzake ameinama kusikiliza beringi, akimwamini.

Baba yake aliugeuzia moto mgongo ili mtu mmoja asiungue. Lakini yule mtu alikuwepo. Aliyekuwemo mikononi mwa vijana hawa hakuwepo tena; alikuwa ameketi hapa, mzima, mwenye miaka yake, na vidole vya Lugano vilikuwa vimetolewa sadaka kwa ajili yake.

"Ukikiondoa," aliuliza, "kinaondokaje?"

"Kwenye soksi ni dakika. Sasa kwa kuwa tunajua uzito wa mtoto, programu itautambua na kuutenga. Kwa wale waliokwisha hitimu ni kazi kubwa. Kimeshaingia mwilini. Itabidi mtu akae na kila mmoja, amvute kiwiko kwa mkono huku kelele inapigwa, mara nyingi, mpaka mwili usadiki kwamba hakuna mtoto." Alisita. "Atahitajika mtu anayejua ule mkono unavyokaa. Kuanzia ndani."

Bupe alielewa anachoambiwa. Aligusa kiwiko chake, kisha akasema, "Andika ilivyokuwa, Mhandisi. Yote."

*

Redio ilitangaza wito kwa wasukaji wote wa mota waliohitimu chini ya Mpango warudi kwenye vyuo vilivyo karibu nao. Wengine walilalamika. Wengine walicheka, wakapeana jina la mayaya wa serikali. Magazeti yaliandika mambo makubwa kuhusu makao makuu, na Chediel alihamishiwa kitengo kingine. Jina la Tusajigwe lilisafishwa kwa barua fupi iliyosomwa mbele ya gwaride la asubuhi, na wanagenzi waliomwita Mama Mgongo walipiga makofi kwa aibu.

Soksi mpya, zisizo na kiwiko kile, zilipofika, Bupe alivaa ya kwanza. Nyuzi ziliivuta mikono yote miwili mbele, huru, ikashika stata kwa pamoja. Kazi ilikuwa ya haraka na safi kuliko alivyowahi kuifanya. Ilikuwa mikono ya fundi hodari kabisa. Aliivua, akaikunja vizuri, akaenda nyuma ya stoo ya waya akasimama kwenye mvua mpaka aliposikia kengele.

Wa kwanza kunyooshwa kiwiko chuoni alikuwa Tusajigwe. Aliomba mwenyewe awe wa kwanza.

Walikaa kwenye viti viwili, magoti yakikaribia kugusana. Lugano alisimama karibu na bati lililoning'inizwa kwa kamba, nyundo ikiwa katika mkono wake mzima, mwingine ukiwa bado umefungwa bandeji.

"Si lazima uwe wewe, Lugano," Bupe alimwambia.

"Mwalimu, vidole vimebaki vinane. Nyundo inahitaji vitano. Nina vya akiba." Akamtazama Tusajigwe. "Na wewe leo unitazame mimi usoni, siyo ukuta."

"Nitakutazama," Tusajigwe alisema. Alikuwa akitabasamu.

Bupe alimshika kiwiko kwa kiganja kimoja na kifundo kwa kingine. Akampa Lugano ishara kwa kichwa.

Bati lililia. Mkono wa Tusajigwe ulijikunja kwa nguvu ambayo haikuwa ya msichana, mabega yakataka kugeuka, na Bupe akavuta upande wa pili. Mkono ulikataa. Alihisi misuli ikikaza dhidi ya vidole vyake, ikibana, ikificha. Alikuwa amejiuliza maisha yake yote kama alipendwa kiasi gani, na sasa alikuwa akishindana na jibu.

"Tena," alisema.

Bati likalia. Akavuta. Likalia tena. Jasho lilimtiririka Tusajigwe, machozi yalimtiririka Bupe, na hakuna aliyejifuta kwa sababu mikono haikuwa na nafasi. Lugano aliendelea kupiga, ametazama juu, kwenye mbao za paa.

Kisha, kati ya pigo moja na lingine, kitu kililegea. Kiwiko kiliachana na ubavu, kidogo, kikasita, kikarudi. Kikaachana tena. Bupe aliacha kuvuta. Aliweka tu kiganja chini yake, akangoja. Mkono ulifunguka wenyewe, polepole sana, mpaka ukanyooka kati yao, kiganja juu, mtupu.

Tusajigwe aliutazama kwa hofu.

"Nimemwangusha, Mwalimu?"

Bupe aliufunika mkono ule kwa kiganja chake.

"Hapana, mwanangu. Ameshuka. Anatembea."

Alikaa hivyo ameushika ule mkono, kwa muda mrefu kuliko kazi ilivyohitaji, na hakuna aliyemharakisha. Kisha akaukunja mwenyewe kwa upole, akaurudisha ubavuni mahali pake pa zamani, kwa sababu mara moja haitoshi, na akamwashiria Lugano apige bati.